Uti wa Mgongo na Mzigo Wake

Maneno ya hotuba kwa wanafunzi wanaoanza kujifunza kiropraktiki, yaani utabibu wa viungo na uti wa mgongo kwa kutumia mikono, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi.



Nimeombwa niwafungulie mlango wa elimu iitwayo fiziolojia, ambayo maana yake ni maarifa ya jinsi mwili wa mwanadamu unavyofanya kazi ungali hai. Vitabu vya elimu hii kwa desturi huanza na chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, kisha hupanda ngazi kwa ngazi mpaka kumfikia mtu mzima. Leo sitafuata njia hiyo. Nitaanza na mtu mzima, tena mtu mwenye mzigo, kwa sababu ndiye atakayekuja kubisha hodi mlangoni penu.

Hapa Eastlands hakuna haja ya kumtafuta mbali. Nendeni Gikomba alfajiri mkawatazame vijana wanaoshusha marobota ya mitumba, ambayo kila moja kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hivi. Piteni Shauri Moyo mkawaone mafundi wa jua kali walivyoinama wakigonga mabati tangu asubuhi hata magharibi. Huko Kayole na Dandora, siku ambazo mifereji haitoi maji, mtawakuta akina mama wakichukua mitungi ya lita 20 kwenda nayo ghorofani. Na msidhani ya kuwa karani wa Umoja au Buruburu, aketiye kitini kutwa nzima, amesalimika. Watu hawa wote, wachukuzi na mafundi na makarani, wana desturi moja: ikifika jioni hushika kiuno. Wala si wa kwetu peke yao, maana wataalamu waliohesabu maradhi ya dunia walikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Basi tuutazame huo mgongo wenyewe.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja kama jina lake linavyoweza kumfanya mtu afikiri. Ni pingili 33 zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikamana nazo, 5 za kiuno, kisha 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja baina ya nyonga, na mwishoni kabisa 4 ndogo zilizo mabaki ya mkia. Zinazoweza kucheza ni 24 za juu. Twiga mwenye shingo ndefu naye ana pingili 7 za shingo sawa na sisi, ila zake ni ndefu zaidi. Nalitaja jambo hili kwa sababu wanafunzi hulisahau la mwanadamu na kulikumbuka la twiga.

Kila pingili ina sehemu mbili zenye kazi mbalimbali. Mbele kuna gogo nene la mfupa, na kazi yake ni kuchukua uzito. Nyuma kuna pete ya mfupa, nazo pete hizo zikipangwa pamoja hufanya mfereji ambao ndani yake yapita kamba ya neva itokayo katika ubongo. Kumbukeni sana maneno haya: sehemu ichukuayo mzigo na sehemu ilindayo neva ni jirani, hazikutengana hata kwa upana wa kidole. Uharibifu wa moja huweza kuifikia nyingine, na habari hiyo tutairudia.

Baina ya magogo hayo ya mfupa kuna visahani vya gegedu. Kila kisahani kimefumwa kwa nyuzi ngumu zilizozunguka tabaka juu ya tabaka, na katikati yake kuna ute mzito ambao kwa kijana karibu asilimia 80 ni maji. Mtu akisimama, uzito wa mwili hukamua sehemu ya maji hayo. Akilala, kisahani huyanywa tena. Kwa sababu hiyo mtu hurefuka usiku na kufupika mchana, kwa kiasi cha sentimita moja au mbili. Wengi hucheka wanapoambiwa, mpaka wajipime.

Tena kisahani cha mtu mzima hakina mishipa ya damu ndani yake. Misuli huletewa chakula na damu, mifupa huletewa, hata ngozi huletewa. Lakini kisahani hupata riziki yake kwa kunyonya kidogo kidogo kutoka katika mfupa ulio juu yake na ulio chini yake, na mwendo wa mwili husaidia kuyaingiza maji mapya na kuyatoa ya zamani. Hapo ndipo mnapopata jawabu la maswali mawili mtakayoulizwa kila siku. La kwanza: mbona jeraha la mgongo hukawia kupona? Hukawia kwa sababu njia ya kulipelekea chakula ni nyembamba. La pili: je, nilale kitandani mwezi mzima? Zamani matabibu walikuwa wakiagiza hivyo. Siku hizi imethibitika kwamba kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, aendeleaye kutembea na kufanya kazi nyepesi hupona upesi kuliko alalaye.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mzigo, ambayo haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Chukueni mtungi wa maji wa lita 20. Uzito wake ni kilo 20 na kidogo. Mama ameushika mbele yake, mikono imenyooka, umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye pingili za kiuno. Misuli ya mgongo inayomzuia asianguke kifudifudi iko nyuma ya pingili hizo, lakini umbali wake ni kama sentimita 5 tu. Hii ni mizani kama ile ya dukani, ila mkono mmoja ni mrefu mara nane kuliko mwingine. Ili mizani isimame sawa, hapana budi misuli ivute kwa nguvu ya mara nane ya mtungi, yaani kilo 160, na nguvu hiyo yote huangukia juu ya kisahani, pamoja na uzito wa mtungi na uzito wa kifua na kichwa. Mama huyo akiuleta mtungi karibu na tumbo, umbali ukawa sentimita 20, nguvu ya misuli hupungua kuwa kilo 80. Mtungi ni ule ule na maji ni yale yale. Kwa hiyo mchukuzi wa Marikiti awekaye gunia juu ya mabega na mgongo wa juu, karibu na mstari wa uti wake, anafanya jambo la busara; hatari kwake iko zaidi katika kuliinua na kulitua kuliko katika kutembea nalo.

Na kuhusu kutembea na mzigo, nchi yetu imewahi kuifundisha dunia. Katika mwaka wa 1986 profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, G. M. O. Maloiy, pamoja na wenzake wa ng'ambo, walitangaza katika gazeti la sayansi liitwalo Nature matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu. Waluo huchukua mzigo kichwani juu ya ngata. Wakikuyu huuchukua mgongoni kwa ukanda wa mukwa uliopita juu ya paji la uso. Wanawake hao walipimwa hewa waliyoivuta wakitembea bila mzigo, kisha wakitembea na mizigo ya uzito mbalimbali. Ikaonekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya hewa, kana kwamba hawakubeba kitu. Tena desturi zote mbili, ya kichwani na ya ukanda, zilifanana katika jambo hili. Askari wa Kizungu waliobeba shanta mgongoni hawakuweza hivyo. Wao, mzigo ulipozidi, gharama nayo ilizidi tangu mwanzo.

Wataalamu walitafuta sababu kwa muda, na katika mwaka wa 1995 jawabu lilichapishwa katika gazeti hilo hilo. Mtu akitembea, mwili wake hupanda anapopita juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele, mfano wa timazi ya saa ya ukutani iliyopinduliwa. Nguvu ya kushuka hugeuzwa kuwa mwendo wa mbele, na mwendo hugeuzwa tena kuwa kupanda. Sisi wengine hupoteza sehemu ya nguvu hiyo katika kila hatua, nayo misuli hulazimika kuifidia. Wanawake wale waliozoea tangu utotoni, wakiwa na mzigo, hupoteza kidogo zaidi kuliko wakiwa mikono mitupu. Mwendo wao wazidi kuwa laini. Ni fahari kwetu kujua hayo. Lakini mwanafunzi mwema hutazama pia kile kisichopimwa. Uchunguzi ule ulipima hewa ivutwayo. Haukupima uchovu wa shingo wala hali ya visahani baada ya miaka 30 ya kuni na maji. Asitokee mtu akasema kwamba akina mama wa Afrika wameumbwa kwa mizigo, eti sayansi imesema. Haikusema.

Nimetaja hewa, basi tuseme machache juu ya pumzi na moyo. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na moyo wake ukiwa umetulia husukuma kama lita 5 kwa dakika, maana yake kwa wastani damu yote huzunguka mwili mzima katika dakika moja. Avutapo mkokoteni kupanda mlima, moyo huweza kusukuma lita 20 au zaidi. Nairobi imeinuka karibu mita 1,700 juu ya bahari, na uzito wa hewa huku juu umepungua karibu sehemu moja katika tano ukilinganisha na Mombasa. Mgeni atokaye pwani huhema akipanda ngazi za Jericho, naye hudhani amepata ugonjwa. Baada ya majuma machache mafigo yake huwa yametoa homoni iendayo katika uboho wa mifupa na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, naye hutulia. Jambo jingine la kuangalia ni hili: mchukuzi ainuapo gunia hubana pumzi, na tumbo lake huwa gumu kama mpira uliojazwa upepo. Ugumu huo huusaidia uti wa mgongo, lakini hupandisha mno shinikizo la damu kwa kitambo kile. Kwa kijana si neno. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu laweza kuwa neno kubwa, kwa hiyo mpimeni kabla ya kumshauri habari za kuinua vitu.

Nafika sasa kwenye neva, na hapa nawaomba msogeze masikio.

Kamba ya neva iliyo ndani ya mfereji wa mgongo haifiki mpaka mwisho wa uti. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo hubaki nyuzi nyingi zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Kutoka katika kamba hiyo hutoka jozi 31 za neva, kila jozi kwa mahali pake, kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Ndiyo maana kisahani kilichopasuka kiunoni huweza kumwumiza mtu katika unyayo. Mgonjwa atawaonyesha mguu, atausugua, atataka mguu ukandwe, nanyi mtajua kwamba mguu hauna kosa. Ni mjumbe tu aliyeletewa habari ya mahali pengine. Habari njema ni kwamba visahani vingi vya namna hiyo hunywea vyenyewe kwa muda wa majuma au miezi, bila kisu.

Maumivu yenyewe husafiri kwa njia mbili. Mtu akijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, kwanza husikia kwamba amegonga kitu, kisha baada ya kitambo ndipo uchungu mzito hufika. Sababu ni kwamba neva nene za mguso hupeleka habari kwa makumi ya mita katika sekunde moja, na zile nyembamba za uchungu mzito huenda kama mita moja tu kwa sekunde. Katika mwaka wa 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya kamba ya neva pana mahali palipo mfano wa lango: habari za mguso zikija kwa wingi, lango huzipunguzia nafasi habari za uchungu. Mengi ya maelezo yao yamerekebishwa tangu siku hizo, lakini asili ya fikira ile ingaliko. Kila mama amlaye mtoto wake kwa kumsugua goti lililogonga ukuta ameitumia elimu hiyo pasipo kuisoma, na sehemu ya nafuu itokayo katika mikono ya mkandaji hutoka katika lango hilo.

Hapo nataka kusema waziwazi juu ya kazi mnayoiingia. Kiropraktiki ilianzishwa na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, Marekani, mwaka wa 1895. Yasimuliwa kwamba mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtu mwenye upungufu wa kusikia, na kwamba alisikia vizuri baada ya kusukumwa pingili ya mgongo. Palmer akaamini ya kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama mahali pake zikabana neva. Ninyi mliosikiliza maelezo ya neva mnaweza kuipima hadithi hiyo wenyewe: neva ya kusikia hutoka katika ubongo ikaingia sikioni ndani ya fuvu la kichwa, haipiti shingoni wala mgongoni. Wala ule mlio wa kiungo kinaposukumwa si sauti ya mfupa kurudi mahali pake. Katika mwaka wa 2015 wataalamu wa Kanada waliupiga picha mlio wa vidole, wakaona kwamba viungo vikivutwa ghafula, ndani ya ute wake hutokea uwazi wa hewa. Basi mgonjwa akifurahia mlio, mwacheni afurahi. Lakini msimwambie kwamba mmemrudishia mfupa.

Je, kazi hii haina maana? La, ina maana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka wa 2005 mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa kiropraktiki, na huko Afrika Kusini elimu hii hufundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Shirika hilo hilo mwezi wa Desemba 2023 lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu, na miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuweza kusaidia yamo kumwelimisha mgonjwa, mazoezi ya viungo, kukandwa na kusukumwa kwa pingili. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo huuzwa sana kwa wachukuzi, haikupewa sifa. Kwa hiyo mikono yenu ina kazi ya halali, nayo ina mipaka. Kiuno na shingo zenye maumivu ya kawaida ni shamba lenu. Kisukari, pumu, shinikizo la damu na uziwi si mashamba yenu, na aahidiye kuyaponya kwa kusukuma pingili anakula fedha ya mnyonge.

Sasa nayarudia yale niliyoahidi, juu ya ujirani wa mfupa na neva.

Tuseme amekuja kijana mvuta mkokoteni, umri wa miaka 28. Asema mgongo wamwuma tangu miezi mitatu. Mtu yeyote angesema, ni mkokoteni. Amekwisha kandwa mara mbili na jirani, amepakwa dawa ya moto, amepata nafuu ya siku moja. Mkimwuliza vizuri, atasema kwamba maumivu hayatulii hata akilala, na usiku ndipo huzidi. Mkizidi kumwuliza, atasema suruali zimemlegea, na kwamba jioni husikia homa ndogo na kuamka shuka zimelowa jasho. Hakohoi. Mkipitisha kidole juu ya uti wake, pingili moja ya kifua imechomoza kidogo kuliko jirani zake, na ukiigonga pole pole huruka kwa uchungu.

Mtu huyo msimsukume mgongo. Msimsukume hata akiwasihi, hata akiwa amekwisha kulipa. Dalili hizo ni za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Jina la Kiswahili la ugonjwa huu limetudanganya wengi, maana lataja kifua, na watu hufikiri kwamba asiyekohoa hana. Viini vyake huingia mapafuni kwa pumzi, lakini huweza kusafiri katika damu mpaka kwenye lile gogo la mfupa, hasa upande wa mbele karibu na kisahani, na huko hula mfupa taratibu. Pingili mbili zilizo jirani huliwa, kisahani kati yake hukosa riziki, sehemu ya mbele huporomoka, na mgongo hujikunja ukawa kibyongo. Tabibu Percivall Pott wa London aliueleza ulegevu wa miguu utokanao na kibyongo hicho katika mwaka wa 1779, zaidi ya miaka 100 kabla Robert Koch hajaviona viini vyenyewe mwaka wa 1882. Usaha hukusanyika, na kwa kuwa mfereji wa neva u jirani, usaha na mfupa uliovunjika huibana kamba. Miguu huanza kufa ganzi, kisha kulegea, kisha mtu hashiki mkojo.

Fikirini sasa maana ya kuweka viganja viwili juu ya mfupa ulioliwa hivyo na kuusukuma kwa nguvu. Mvuta mkokoteni aliyeingia kwa miguu yake aweza kutoka akiwa amebebwa. Na uchungu mkubwa wa jambo hili ni kwamba ugonjwa huo una dawa, nayo dawa ya kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali na zahanati za serikali. Yapaswa kunywewa kwa miezi mingi bila kuacha, lakini aliyewahi mapema kwa kawaida hupona na kurudi kazini. Picha ya eksirei ya siku za kwanza huweza kutoonyesha kitu. Kwa hiyo ikiwa dalili ziko na picha ni safi, msiridhike. Mwandikieni barua, mwelekezeni hospitali iliyo karibu, kama ile ya Mama Lucy Kibaki, na baada ya juma moja mwulizeni kama alikwenda. Vijana wa mkokoteni hupoteza ujira wa siku nzima wakipanga foleni hospitalini, kwa hiyo wengi hukubali kwa mdomo tu.

Wako wengine wa kuwapeleka hospitali kabla ya kuwagusa. Aliyeanguka kwenye pikipiki ya bodaboda au kwenye jukwaa la ujenzi, naye ana uchungu wa shingo au mgongo, achukuliwe kuwa amevunjika mpaka picha iseme sivyo. Aliyekufa ganzi sehemu za haja, mahali ambapo mtu hukalia tandiko, akawa hawezi kuzuia mkojo au hawezi kukojoa, huyo nyuzi zake za mkia wa farasi zimebanwa, na saa chache huweza kuwa tofauti ya kupona na kutopona. Mzee aliyewahi kuugua saratani, mama ambaye mifupa yake imelegea kwa umri, mtu anayetumia dawa za kupunguza damu kuganda, wote hao wana habari zao. Na shingo nayo ina hatari yake: ndani ya matundu ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo, na ijapokuwa ni nadra, mshipa huo umepata kuchanika ndani kwa watu waliozungushwa shingo kwa nguvu. Mtu mwenye maumivu mapya na makali ya shingo, pamoja na kizunguzungu au kuona vitu viwili viwili, shingo yake isizungushwe.

Neno moja juu ya magunia, ingawa si la fiziolojia. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka wa 1967 lilipendekeza kwamba mtu mzima wa kiume asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Nchini Kenya kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Wakati huo kila mtu aliyepita Marikiti alilijua lile gunia lililoongezwa kofia ya wavu juu yake, likaitwa mukorino kwa kufanana na kilemba. Mfanyabiashara hununua kwa gunia, mkulima hulipwa kwa gunia, na mchukuzi hulipwa kwa gunia. Kofia ile huwapunja wawili katika hao watatu, na mmoja wao humpunja katika visahani vyake. Mtakapoandika habari za mgonjwa, andikeni pia uzito wa mzigo aliouchukua na mara ngapi kwa siku. Karatasi hizo zikikusanywa kwa miaka zitakuwa ushahidi ambao leo ni haba.

Juma lijalo tutaanza kazi ya mikono. Kila mmoja aje na chaki na futi ya fundi cherehani. Kabla ya siku hiyo, jipimeni urefu asubuhi mnapotoka kitandani, na tena jioni mnaporudi nyumbani, mkiwa bila viatu na mmeuegemea ukuta ule ule, na mwandike tarakimu zote mbili. Wale wafanyao kazi sokoni wajiandike katika ukurasa wa peke yao, nao wakaao kitini kadhalika, ili tuzilinganishe. Tutaanza kwa kuitafuta kwa kidole ile pingili inayojitokeza chini ya shingo mtu ainamapo. Kwa watu wengi ndiyo ya 7, na kutoka hapo tutahesabu kushuka.